Ng'ombe Waliozunguka Mtoni

Leo nimekuja na fundo, na sitalifungua mimi. Nitalifunga mbele ya macho yenu, kisha nitawaachia mkononi. Mwenye haraka ya kujibu na aondoke sasa akachote maji, maana watu wa haraka ndio wanaoniharibia hadithi. Wengine sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole.

Palikuwa na kijiji cha wafugaji kiitwacho Malkani, kwenye ukingo wa mto mkubwa wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Upande wa kijiji ardhi imeinuka. Upande wa pili ni tambarare yenye majani matamu, na huko ndiko ng'ombe wa Malkani walikopelekwa kila kiangazi.

Basi pale walikuwapo vijana watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Buya, mchungaji, na kipaji chake kilikuwa macho. Wewe na mimi tukitazama kundi tunaona ng'ombe wengi. Buya aliona nani anamtazama nani. Angeweza kukaa juu ya kichuguu asubuhi nzima akitazama ndege wadogo wakigeuka angani kwa pamoja kama shuka linalokung'utwa, na ukimuuliza anatafuta nini huko juu, angekujibu, "Nataka kujua nani amegeuka kwanza." Shangazi yake, Bi Halako, alimwambia mara nyingi, "Mwanangu, ndege hawana maziwa. Tazama ng'ombe." Buya alicheka, akaendelea kutazama vyote viwili.

Wa pili alikuwa Dokatu, binti wa mwenye duka, na kipaji chake kilikuwa hesabu. Alisoma hisabati chuo kikuu, na likizo ile alirudi nyumbani na kompyuta ndogo ya kupakata ambayo ndani yake alifuga nukta. Ndiyo, alifuga nukta, msinitolee macho. Kila nukta aliipa amri tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, usiachwe mbali na wenzako. Kisha aliziachia, nazo zikatembea kwenye kioo kama samaki wadogo, hakuna anayeziongoza na hakuna anayepotea. Mama yake alichungulia siku moja akauliza, "Na hizi zinauzwa wapi?"

Wa tatu alikuwa Komora, mtoto wa majirani wakulima wa chini ya mto, na kipaji chake kilikuwa maji. Alijua kwa kiganja mkondo unavuta wapi, na mtumbwi aliouendesha, mtumbwi wa baba yake, ulimtii kuliko mkono wake wa kushoto. Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja, wala hakumtamani. Alisema ng'ombe ni mnyama anayekulazimisha utembee nyuma ya mkia wake maisha yako yote.

Mmewashika wote watatu? Macho, hesabu, maji. Haya.

Siku yenyewe ilianza kwa jua kali, angani hakuna wingu. Lakini kule milimani mvua ilikuwa imenyesha bila kumwambia mtu, na mto ukaja. Kufikia katikati ya asubuhi tambarare ilikuwa imegeuka kisiwa, na ng'ombe wote wa Malkani walikuwa juu yake, pamoja na wachungaji wao. Kila ukigeuza uso na kurudi kutazama, kisiwa kilikuwa kimepungua.

Katika ng'ombe wale alikuwamo mmoja wa kijivu, jina lake Mawingu, wa Bi Halako. Miaka ya nyuma ukame ulifagia zizi la mama huyu lote, ukamwachia Mawingu peke yake, mifupa na ngozi. Bi Halako alimlisha kwa mkono, majani ya kuombaomba, na kutoka kwenye tumbo la Mawingu zizi likajaa tena. Sasa Mawingu alikuwa na mimba pevu. Mwanamke yule alisimama ukingoni akimtafuta kwa macho ng'ombe mmoja kati ya mamia, na midomo ilikuwa imemkauka.

Sasa niwaambie jambo moja la Malkani, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Pale kila ng'ombe ana jina na kila nyumba ina mluzi wake. Jioni kundi likirudi, nyumba zote hupiga miluzi, na ng'ombe hujigawa wenyewe, hawa nyumbani kwa Wario, wale kwa Bi Halako, bila fimbo hata moja. Ni jambo la kupendeza sana. Ningekuwa wa Malkani na mimi ningejivunia.

Kwa hiyo siku ile walifanya walichokijua. Kijiji kizima kilijipanga kando ya mto, kila nyumba mahali pake, na wakaita. Waliita majina, wakapiga miluzi, mpaka ukadhani kuna harusi. Kule kisiwani Buya na wenzake wakawasukuma ng'ombe majini, mbele yao maksai mkubwa aitwaye Boru, kiongozi anayeaminiwa na kila mtu. Ndama wachanga, wasioweza kuogelea, walibakizwa kisiwani kusubiri mtumbwi.

Walikwenda vizuri hadi katikati ya mto. Kisha wakaanza kuzunguka.

Duara, jamani. Pembe na pua tu juu ya maji, zikizunguka, zikizunguka, kila ng'ombe na kidevu juu ya mgongo wa mwenzake, na kadiri walivyozunguka ndivyo walivyobanana. Watu wakaona hatari, wakapiga miluzi kwa nguvu zaidi. Duara likakaza. Boru alipanda ukingo wa nyumbani, akajikung'uta, akageuka nyuma, hakuona mtu. Ng'ombe wawili walizama mbele ya macho ya wenyewe. Waliosalia walichoka, wakaachana, wakasukumwa wakarudi kisiwani walikotoka.

Ukingoni kulikuwa na vilio. Mmoja alisema ni jini la maji. Wario, mtu ambaye mluzi wake ulisikika hadi kijiji cha pili na ambaye hakukuruhusu usahau hilo, akasema, "Tumeita kidogo. Turudie, tuite kwa bidii."

Komora alikuwa amekwisha kwenda kisiwani na kumleta Buya. Buya alishuka mtumbwini akitetemeka, hakungoja hata kupewa shuka kavu.

"Shangazi, msiite tena. Nilikuwa nyuma yao, nimeona yote. Hawamtazami Boru. Aliye katikati ya kundi hata hamwoni Boru. Kila mmoja anawatazama wa ubavuni mwake tu, basi. Mluzi wa Wario ulipotoka kule juu, ng'ombe wa Wario waligeukia juu. Wewe ulipoita huku chini, wako wakageukia chini. Na waliobaki wakafuata jirani. Duara lilianzia kwetu sisi."

"Kwa hiyo tunyamaze?" Wario akauliza. "Ng'ombe wetu wadhani tumekufa?"

Ilikuwa imefahamika kosa liko wapi, na bado ng'ombe walikuwa ng'ambo na maji yanapanda.

Hapo Dokatu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua kompyuta yake.

"Buya, nieleze. Ng'ombe mmoja anawatazama wangapi? Wa mbele tu au na wa pembeni? Akiguswa anakwepa au anasukuma?" Buya akaeleza, naye akawa anaandika, na nukta zikaanza kuogelea. Alipoweka sauti nyingi kutoka sehemu nyingi, nukta zilizunguka duara. Watu waliosimama nyuma ya bega lake walipiga kelele, maana lilikuwa duara lile lile lililoua.

"Dokatu, mwanangu," Bi Halako akasema, "ng'ombe wangu si nukta."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nazizamisha hizi kwanza."

Akaondoa sauti zote. Nukta zikatulia, zikawa fungu moja lisilo na nia, zikachukuliwa na mkondo. Akampa mmoja wa mbele mwelekeo; yule akaenda peke yake, kama Boru. Akawaweka wengi wa mbele wenye mwelekeo. Wakachomoka wao, kundi likabaki nyuma. Kisha akawachukua wachache, wachache kweli, akawatawanya ndani ya kundi, huyu huku, yule kule. Fungu likayumba kidogo, likanyooka, likavuka zima.

"Si wa mbele," akasema. "Ni wa ndani. Wachache tu, waliochanganywa na wenzao, na wenzao hawatajua hata kama wanaongozwa. Lakini lazima wawe ng'ombe ambao hata wakisukumwa vipi hawatasahau wanataka kwenda wapi. Na tuwe kimya, wote."

Ng'ombe gani huyo? Wafugaji wakatazamana. Huyu akataja mwenye nguvu, yule akataja mzee wa kundi. Jibu lilitoka kwa yule asiye na ng'ombe.

"Mimi sijui mambo yenu," Komora akasema, "lakini nilikuwa mtumbwini nikitazama. Duara lilipovunjika, wa kwanza kurudi kisiwani walikuwa wale wenye ndama wachanga. Walijua wanakokwenda. Nikiwaleta ndama upande huu, mama zao watasahau njia?"

Bi Halako akamshika mkono. Kisha akasema mbele ya wote, "Mnaijua desturi yetu. Anayevusha kundi hupewa ndama. Mimi natoa aliye tumboni mwa Mawingu. Avuke tu."

Watu wakaguna, maana walijua ametoa nini.

Basi kila mmoja akafanya lake.

Komora akaingia majini. Safari ya kwanza alimrudisha Buya kisiwani, na kila safari alirudi na ndama waliofungwa miguu kwa shuka, wakilia masikioni mwake. Mkondo ulikuwa umebeba miti mizima, na mamba walikuwa wameamshwa na harufu ya wale wawili waliozama. Safari ya mwisho, akiwa na ndama mmoja aliyebaki, gogo liliupiga mtumbwi, ukapinduka, ukaenda. Watu walimhesabu amekufa. Akatokea chini kidogo, ameng'ang'ania mzizi, ndama mabegani. Alimweka chini, akamwambia, "Wewe ni mzito kuliko unavyoonekana," akajilaza matopeni. Mtumbwi wa baba yake hakuutaja.

Buya, kule kisiwani, akafanya alichoambiwa, ingawa moyo ulimkatalia. Wachungaji wenzake wote walitaka mama wale wawekwe mbele, na yeye mwenyewe alitaka hivyo. Lakini aliwachanganya, mmoja mmoja, akitazama nani atamwona nani, nani akae ubavu wa nani. Na sasa mtumbwi haukuwapo. Yeye na wenzake wangevuka kwa kushika mikia. Ng'ombe wakizunguka tena, na wao wangezunguka nao.

Dokatu aliwakusanya ndama wote mahali pamoja ukingoni, akasimama katikati yao. Hakulowa hata kisigino. Lakini mwangalieni vizuri kabla hamjasema kitu. Ng'ombe wa kijiji kizima na watu walio nyuma yao walikuwa wanaingia mtoni kwa sababu yeye amesema. Kama amekosea, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Mama yake alimshika bega, akamkuta amekuwa baridi kama mtungi.

Kundi likaingia.

Malkani ikanyamaza. Nyinyi hamjui Malkani, hamjui ni kazi gani hiyo. Wario alivua kofia yake akajiziba nayo mdomo, na machozi yakawa yanamtoka juu ya kofia. Kilichosikika ni maji, na ndama wakilia kutoka mahali pamoja.

Katikati ya mto, pale pale, kundi likaanza kupinda. Kichwa hiki kikageuka, na cha jirani, na cha jirani yake. Duara lilikuwa linajifunga. Mtu mmoja akaanza kuinua vidole mdomoni, mkewe akaviteremsha kwa kofi. Kisha ng'ombe mmoja mwekundu, aliyekuwa katikati kabisa, akakata. Hakufuata mzunguko, alikata moja kwa moja kuelekea sauti ya mwanawe. Wa ubavuni wake wakakata naye. Kule pembeni mwingine akakata. Duara likawa yai, yai likawa kamba, na kamba ikaanza kuja.

Isipokuwa Mawingu. Yeye na tumbo lake alikuwa amebaki nyuma. Pua ilizama, ikatokea, ikazama. Bi Halako alijua mluzi mmoja tu ungemwamsha. Mawingu alikuwa hajawahi kuukataa mluzi ule. Alijua pia kwamba ng'ombe wake wengine wote ni watoto na wajukuu wa Mawingu, nao wangegeukia sauti ile, mbali na ndama, na nyuma yao alikuwa mtoto wa kaka yake ameshika mkia.

Midomo yake ilikwisha kukusanyika. Basi akaugeuzia mto mgongo.

Alisimama hivyo, uso kwa kijiji, mikono imeshika kanga. Alisikia kwato za kwanza matopeni. Alisikia watu wakianza kulia na kucheka. Alimsikia Buya akikohoa maji na kuuliza, "Wote? Wametoka wote?" Hakugeuka. Aliogopa kuhesabu.

Kisha akahisi pumzi ya moto shingoni, na pua yenye maji ikamsukuma begani.

Bi Halako akaketi chini pale pale kwenye matope, akakumbatia mguu wa mbele wa ng'ombe, akacheka mpaka akapaliwa. Hapo ndipo Malkani ilipofunguka mdomo. Wallahi, kelele walizozizuia zilitoka zote kwa mara moja, na Wario alipiga mluzi mrefu ambao hakuna aliyemkataza. Jioni ile maziwa yalinywewa hadi na mbwa.

Hadithi ingeishia hapo tungelala vizuri. Lakini Mawingu akazaa, ndama jike, wa kijivu kama mama yake. Na ndama wa Malkani ana desturi yake: mwenyewe ni yule anayempigia mluzi wa kwanza na kumpa jina. Mtu mmoja. Wario alijaribu kusema agawanywe kwa zamu, nyumba hadi nyumba, wakamzomea. Walikuwa wamekwisha kuona ng'ombe wanaoitwa kwa sauti nyingi wanafanya nini.

Wakaitwa wale watatu. Hawakugombana, walikuwa wamevuka pamoja na walipendana. Lakini kila mmoja alisema lake.

Buya akasema, "Bila macho yangu mngeita tena, na kwa bidii. Hata Dokatu angepiga hesabu za ng'ombe wasiokuwapo. Na wale waliowekwa ubavuni mwa wenzao, niliwaweka mimi, kisha nikaingia majini nyuma yao."

Dokatu akasema, "Ulichokiona ni duara, Buya. Hukuona njia ya kutoka. Wewe mwenyewe ulitaka mama wawe mbele, na wangefika peke yao kama Boru. Mahali pa kuwaweka mlipajua kutoka kwangu, na nilipasema kabla mto haujatuonyesha."

Komora akajikuna kichwa. "Mimi nasema tu kwamba macho yangebaki yanatazama, na hesabu ingebaki inahesabu, na ndama wangebaki kisiwani. Sina ng'ombe, sikuwa na cha kupoteza pale. Nikapoteza mtumbwi."

Watu wakagawanyika. Huyu akasema Buya ni mchungaji, kuona ni kazi yake. Yule akajibu kwamba wachungaji wengine pia walikuwa na macho. Huyu akasema Dokatu hakulowa. Yule akasema lau angekosea, asingekauka maisha yake yote. Huyu akasema Komora si wa hapa. Mama mmoja akamgeukia akamwambia, "Ndama wangu alipokuwa mabegani mwake, ulimwona ni wa wapi?"

Na nyuma kabisa, mtu ambaye sikumjua akasema kwa sauti ndogo, "Mbona hamumtaji aliyeugeuzia mto mgongo?" Bi Halako akamkata palepale: "Sichukui ndama niliyekwisha kumtoa." Lakini nilimwona macho yalivyokuwa yakimfuata yule ndama.

Haya, nimefunga. Ndama amesimama pale kwa miguu yake minne inayotetemeka, masikio mbele, hajapigiwa bado mluzi na mtu yeyote. Wale watatu wamesimama mbele yake, na Bi Halako ameinua mkono kuonyesha mmoja. Kijiji kimenyamaza kama siku ile.

Wewe uliyenyamaza, na wewe wa mahindi, na hata wewe mtoto uliyejificha nyuma ya mama yako: ukipewa mkono ule wa Bi Halako, utamwonyesha nani apige mluzi?